Umealikwa kula nyumbani kwa watu Lubumbashi: mwongozo kwa mgeni anayejua Kiswahili

Mgeni kutoka Dar es Salaam, Kigoma au Mombasa akifika Lubumbashi, mji wa kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), hupata raha ya aina yake: anaelewa karibu kila anachosikia. Raha hiyo ndiyo inayomponza. Asiyejua neno hata moja huuliza, husubiri, huwatazama wenzake wanafanya nini. Anayejua Kiswahili hujibu haraka, tena kwa adabu za kwao, na mambo huanza kwenda upande. Mwongozo huu ni wa huyo wa pili: dereva anayesubiri karatasi za mzigo, mfanyabiashara, fundi, au mwanafunzi aliyeambiwa na rafiki mpya, "Dimanche utakuya kula kwetu", yaani Jumapili utakuja kula kwetu.

Kwanza, hakikisha ni mwaliko

"Utakuya siku moja kwetu" ni uungwana, si mwaliko. Jibu "aksanti" (ndivyo wanavyosema, si "asante") na usiulizie tena. Mwaliko wa kweli una siku, saa na mahali. Ukishapewa hivyo vitatu, vithibitishe kwa simu siku moja kabla.

Kwenye saa ndiko wengi wanakoanguka. Siku na saa mara nyingi hutajwa kwa Kifaransa: "dimanche" ni Jumapili, "quatorze heures" ni saa nane mchana. Ukitajiwa saa kwa Kiswahili, usidhani mnahesabu kwa namna moja. Omba uandikiwe kwa tarakimu, 14:00, kwenye ujumbe. Tena Lubumbashi iko saa moja nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda, sawa na Zambia. Simu ambayo haijajirekebisha baada ya mpaka itakufikisha saa nzima kabla ya wakati, mama mwenye nyumba akiwa bado anakoleza makaa kwenye "mbabula", jiko lao la mkaa. Kufika mapema ni kosa kubwa kuliko kuchelewa. Chelewa robo saa au nusu saa, hakuna atakayenuna. Ukijua utapitisha saa nzima, piga simu.

Uliza pia ni shughuli gani. Chakula cha kawaida, ubatizo, na "kilio" ni vitu vitatu tofauti. Kilio ni matanga. Huko huendi na keki wala soda za watoto. Unakwenda na pesa ya mchango, unaikabidhi kwa anayeandika majina, na unakaa. Yaliyo hapa chini ni ya mwaliko wa chakula.

Na usilete mtu wa pili bila kusema. Utingo wako au mfanyakazi mwenzako atakaribishwa, hapana shaka, lakini kitoweo kilichohesabiwa kwa watu saba kitaliwa na wanane, na atakayepunguziwa ni mtoto, si wewe.

Sema mapema usichokula

Siku ile ya simu ya kuthibitisha ndiyo siku ya kusema. Nguruwe ni kitoweo cha kawaida katika nyumba nyingi za mji huu. Kama wewe ni Mwislamu, usisubiri sahani ifike mezani. Sema kwa maneno mazima na mafupi: "Nguruwe, hapana." Kiswahili chao hutumia sana "hapana", na "sili" ya haraka kwenye simu yenye mikwaruzo inaweza kupotea. Kama hata kuku unataka achinjwe na Mwislamu, ni adabu zaidi kusema "samaki na majani vinanitosha" kuliko kumtwika mwenyeji kazi ya kumtafuta mchinjaji. Kwa samaki hutamsumbua: yule wa baharini anayeuzwa akiwa kwenye barafu, wanayemwita "Thomson", hupatikana kila soko.

Vyakula utakavyokutana navyo na majina yake:

"Bukari" ni ugali. Mara nyingi ni wa mahindi, mara nyingine unga wa mahindi umechanganywa na wa muhogo. "Sombe" ni kisamvu, kimetwangwa na kuchemshwa muda mrefu, mara nyingi kwa mafuta ya mawese. "Lengalenga" ni mchicha. "Matembele" ni matembele, hapo huna la kujifunza. "Bitoyo" ni samaki wa chumvi, naye ana chumvi kwelikweli. "Michopo" ni nyama ya mbuzi ya kuchoma, huliwa na kitunguu na pilipili, ingawa hiyo ni zaidi ya barabarani na baa kuliko ya meza ya nyumbani. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, huleta uyoga wa porini ambao watu wa huku wanausubiri kama wengine wanavyosubiri maembe. Utakutana pia na viwavi waliokaushwa na kukaangwa, pengine na kumbikumbi. Viwavi si chakula cha shida. Ni kitoweo cha heshima na bei yake si ndogo. Ukivisogeza pembeni kwa ncha ya kidole umemtukana aliyevinunua. Kula kimoja. Kikikushinda, sema hujazoea na uendelee na kingine, hiyo inakubalika. Kukunja uso hakukubaliki.

Zawadi

Usiende mikono mitupu mara ya kwanza, na usiende na bahasha ya pesa. Pesa mkononi kwa mwenyeji aliyekualika chakula hufanya ionekane unalipia sahani.

Kinachofaa ni kitu cha jikoni na kitu cha watoto. Kilo mbili za sukari, lita mbili za mafuta ya kupikia, mkate mzuri, matunda: chagua viwili, inatosha. Wenye uwezo zaidi hununua mfuko wa unga wa kilo 25 (wao husema "bunga"). Hiyo ni zawadi ya kukumbukwa, maana unga ndio mzigo mkubwa wa kila nyumba, lakini uupeleke kama mnajuana kidogo. Kwa mtu uliyemfahamu wiki moja, mfuko mzima huonekana kama umekuja kuwaokoa na njaa.

Ukitoka Tanzania kwa barabara, mchele mzuri wa Mbeya au Kyela ni zawadi ya maana, na kitenge vilevile. Kitenge huku huitwa "kikwembe". Kata yadi 6: ndicho kipimo kinachotosha "libaya" (blauzi yao ya kitenge), sketi na kipande cha kujifunga juu. Yadi 2 ni za kujifunga tu, na mama atashukuru, ila hataweza kushona nguo kamili. Nyama mbichi, mimea na mbegu usibebe; zinaweza kuishia mpakani Kasumbalesa, kilomita kama 90 kabla hujafika mjini.

Vinywaji vinahitaji kufikiri. Soda huitwa "sucré", na kuleta soda hakuna kosa popote. Bia ni jambo jingine. Kuna nyumba ambazo Simba na Tembo, bia za mji huu, hufunguliwa kabla hujakaa, na kuna nyumba za makanisa ya wokovu ambako chupa yako itabaki imefungwa mlangoni kama mkosaji. Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, hawanywi pombe wala hawali nguruwe. Kama hujui, peleka soda. Ukiamua kununua kreti nzima, kreti ya bia kubwa huwa na chupa 12 na ya soda ndogo 24, na dukani utadaiwa chupa tupu na kreti yenyewe au amana yake. Ipange hiyo mapema na muuza duka. Usimwachie mwenyeji deni la chupa.

Zawadi mpe mama mwenye nyumba, au mtoto aliyekuja kukupokea mizigo, bila hotuba. Huenda isifunguliwe mbele yako. Hawajaidharau; ndivyo inavyopokelewa.

Nguo, njia na mfuko wako

Watu wa Lubumbashi huvaa. Mwaliko wa Jumapili ni shati lililopigwa pasi na viatu vilivyopigwa rangi. Kandambili na jezi vibaki gesti. Mwanamke mwenye suruali hatafukuzwa na mtu, lakini kama kuna wazee nyumbani, gauni la chini ya magoti au kikwembe cha kujifunga juu kitamtuliza kila mtu. Juni na Julai beba sweta. Mji uko mita zaidi ya 1,200 juu ya usawa wa bahari, na jioni za kiangazi hukata mifupa ya mtu wa pwani.

Anwani huwa na vitu vitatu: komini, yaani sehemu ya mji (Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na nyinginezo), jina la avenyu na namba. Ndiyo, kuna komini inaitwa Kenya. Ukimwambia dereva wa teksi "ninatoka Kenya", fafanua. Usitegemee namba peke yake. Omba alama ya karibu: kanisa, shule, duka la dawa. Piga simu ukiwa mwanzo wa avenyu, mtoto atatumwa kukuchukua.

Beba pasipoti, simu iliyojaa chaji na tochi, kwa sababu umeme hukatika bila kuaga. Beba noti ndogo za faranga kwa nauli. Dola hutumika kila mahali, ila noti iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa, na hapo utaanza kukopa nauli kwa mtu aliyekulisha.

Mlangoni

"Lupango" ni kiwanja chenye uzio, nyumba ikiwa ndani. Hodi hupigwa kwenye geti la lupango, si kwenye mlango wa nyumba. "Hodi" inaeleweka, utasikia pia watu wakitamka kwa mdomo "ko ko ko!" Subiri geti lifunguliwe hata kama liko wazi. Mbwa wapo.

Sasa salamu, na hapa ndipo Kiswahili cha nyumbani kinapokusaliti.

Acha "shikamoo". Haitumiki huku. Mzee atakutazama akingoja umalizie sentensi. Pia usikasirike kwamba watoto hawakukuamkia. Wamekwambia "jambo" na wamekupa mkono, adabu yao imekamilika. Msalimie mkubwa kwanza, kisha wote mmoja mmoja, usimruke yeyote aliyemo chumbani. Kwa mzee, toa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko au kifundo cha huo wa kulia, na uiname kidogo. Wanaume wanaojuana hugusanisha vichwa pembeni ya paji la uso, upande huu, upande ule, mara tatu. Usianze wewe. Mwenzako akisogeza kichwa, fuata, na usiinue uso ghafla: pua mbili zimegongana hivyo mara nyingi.

Maneno ya ukoo ni mtego zaidi. Mwenyeji akisema "huyu ni bibi yangu", anakuonyesha mke wake. Ukimwamkia kama nyanya, mama wa miaka thelathini hatakusahau. "Yaya" si mlezi wa mtoto. Ni kaka au dada mkubwa, na ni neno la heshima, kwa hiyo usimwombe "yaya" akuletee maji. "Mapasa" ni mapacha. Baba mwenye nyumba mwite "papa", mkewe "mama", au mama wa fulani kwa jina la mtoto. Wakubwa hawaitwi kwa jina tupu. "Ba" ya wingi huku ni ya heshima pia: ukiulizwa getini "ba mama beko?", anatafutwa mama mmoja, yupo au hayupo. Na mtoto wa kike wa miaka mitatu akiitwa "mama", hapo ni kudekezwa tu.

Viatu: tofauti na pwani, nyumba nyingi huingiwa navyo. Tazama mlangoni. Kuna viatu vimepangwa, vua; hakuna, ingia. Usivue kwa kujionyesha kama wenyeji wamevaa.

Usikae mpaka uonyeshwe kiti. Kile kinachotazama mlango au televisheni mara nyingi ni cha papa.

Mezani

Kinywaji hutangulia. Ukiulizwa utakunywa nini, taja kitu kimoja, na taja cha kawaida: maji ("mayi") au sucré. "Chochote tu" humlazimisha mwenyeji kutuma mtoto akanunue vitatu. Unaweza kupewa "munkoyo", kinywaji cha mahindi kinachotengenezwa kwa mizizi ya mmea wa jina hilo. Kikiwa kipya ni kitamu na chepesi. Kadiri siku zinavyopita huchacha na kupanda kichwani. Asiyekunywa pombe aulize kimepikwa lini kabla ya kupokea kikombe.

Maji ya kunawa huja kwa beseni na birika au jagi, yakiletwa na kijana wa nyumbani. Usiinuke kwenda bombani, unawishwa ulipo. Nawa mikono yote miwili hata kama utakula kwa mmoja. Ukishanawa usimpe mtu mkono. Akitokea wa kuchelewa, mpe kifundo au kiganja kilichogeuzwa, naye atakishika hapo.

Nyumba nyingi husali kabla ya kula. Nyamaza, inamisha kichwa, usishike chochote hadi "amina". Unaweza kuombwa wewe mgeni usalishe. Kukataa kunaruhusiwa: "Papa atusalishe" inatosha.

Bukari huletwa ya moto kabisa, kwa sababu husongwa dakika za mwisho wageni wakiwa wameshakaa. Anzia pembeni, si katikati, la sivyo utaungua vidole. Kata tonge la ukubwa wa yai dogo, lizungushe, libonyeze kwa dole gumba, chota mchuzi au sombe, peleka mdomoni kwa mkono wa kulia. Yenye muhogo hunata na huvutika. Mzoea sima ya mahindi matupu huichezea vidoleni hadi ikamgeuka gundi. Dawa yake ni tonge dogo na kuzungusha haraka. Ukipewa kijiko au uma, si dharau. Wageni wengi huwekewa. Ukitaka kula kwa mkono, kiache tu kijiko pembeni, bila tangazo.

Mgeni hupakuliwa au hukaribishwa kwanza. Sahani yako ya kwanza iwe ndogo, kwa sababu tatu. Utaongezwa bila kuulizwa. Kumaliza cha sahani yako ni sifa, kukibakiza si sifa. Na kilichobaki kwenye bakuli kubwa si makombo: waliopika na watoto mara nyingi hula baada ya wageni, kwa hiyo usikombe bakuli la kitoweo hata kama papa anakusukumia. Hapo mtu wa hamu hula akashiba akaondoka akisifiwa, na jikoni wakalala na mchuzi.

Kwenye kuku, usijichukulie firigisi. Huwekewa baba mwenye nyumba au mgeni anayeheshimiwa. Ikiwekwa kwenye sahani yako, umepewa cheo; uile, ushukuru, na usimpitishie mtoto kwa ukarimu.

Ukishiba, "nimeshiba, aksanti" ya kwanza itachukuliwa kuwa haya. Ya pili itasikika. Ya tatu iseme huku ukisogeza sahani kidogo mbele na kuomba maji ya kunawa. Hapo hata mama mkali huachia.

Chooni uliza "musalani". Ndoo ya maji iliyomo ina kazi mbili au tatu, na bomba huenda halina kitu. Tumia kiasi, na ukiimaliza waambie.

Maongezi

Mada salama kuliko zote ni mpira. TP Mazembe, klabu ya mji huu iliyoanzishwa 1939, ilitwaa ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015, na 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Ila chunguza kwanza ukuta na kalenda: nyumba inaweza kuwa ya Saint-Éloi Lupopo, watani wao wa mji huuhuu, na hapo sifa za Mazembe zitapunguza kitoweo chako.

Usiulize "wewe ni kabila gani?" mezani. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, eneo jingine la Kongo, walifukuzwa kwa wingi Katanga, eneo la mji huu, na kuna familia zilizochanganyika ambazo kidonda hicho hakijafunga. Mshahara wa mgodini, madini na nani anamiliki nini, viache kwa mwenyeji aanzishe. Kiswahili chao usikisahihishe. Akikwambia "njo vile", usimweleze kwamba ni "ndivyo". Kiswahili cha Lubumbashi kimekua mjini humo kwa miaka zaidi ya mia moja, na hakuna aliyekuita uje kusahihisha daftari.

Picha: omba kwa mama, si kwa watoto, na usipige jikoni.

Kuondoka

Usiinuke mara tu baada ya kunawa. Hiyo ni tabia ya mteja wa hoteli. Kaa nusu saa au zaidi. Lakini usingoje giza. Katika mitaa iliyo mbali na katikati ya mji usafiri hupungua jioni, na mwenyeji hatakufukuza hata akiwa na wasiwasi juu ya njia yako. Yeye ndiye atakayelazimika kukusindikiza gizani na kurudi peke yake. Saa kumi na moja jioni, kwa kuhesabu kwetu, uwe umeomba ruhusa.

Unaomba ruhusa kwa papa, unashukuru kwa mama, tena jina la chakula ulitaje: "sombe ile" hupokelewa vizuri zaidi ya "chakula kizuri". Watakusindikiza hadi getini, pengine hadi barabarani. Usiwazuie. Mzee anaweza kukupa nauli, wanaita "transport", hasa kama wewe ni kijana kuliko yeye. Ipokee kwa mikono miwili hata kama mfukoni una dola mia.

Ukishawishiwa kulala, fikiri kabla ya kukubali: mgeni wa kigeni akilala mtaani, kiongozi wa mtaa anaweza kutaka kujua, na mwenyeji ndiye atakayeulizwa. Kama lazima, pasipoti iwe nawe na mwenyeji aamue nani aarifiwe.

Kesho yake asubuhi piga simu, dakika mbili, useme ulifika salama. Ujumbe wa maandishi si kosa, ila mama hatausoma. Mtoto ndiye atakayemsomea. Na kama ulifungashiwa bukari na sombe kwenye bakuli lenye mfuniko, bakuli hilo lirudi kabla hujavuka Kasumbalesa, limeoshwa, na ndani yake pawe na kitu, hata kama ni mkate.